Kikuku cha farasi na ukabaila wa Ulaya



Wengi wetu tulisomeshwa historia kwa ngazi: ujima, utumwa, ukabaila, kisha ubepari. Ngazi ya ukabaila ilipitwa mbio mbio, tukaachiwa picha moja tu ya bwana wa Kizungu aliyejifunika chuma juu ya farasi. Huyo bwana katoka wapi, hatukuambiwa.

Jibu lililovuma kupita yote ni la Mmarekani Lynn White, katika kitabu chake cha 1962. Yeye anasema chanzo ni kikuku, yaani kile chuma cha kutilia mguu kinachoning'inia ubavuni mwa farasi. Bila ya kikuku, mpanda farasi akimchoma adui kwa mbio huenda akaanguka yeye. Akiwa na vikuku, nguvu zote za farasi zinaingia kwenye mkuki. Basi Charles Martel, mtawala wa Wafaranki, akaliona hilo, akanyang'anya mashamba ya kanisa akawagawia watu wake wapate kuweka farasi, na ukabaila ukazaliwa. Habari ya mashamba hakuibuni White; Mjerumani Heinrich Brunner alishaisema tangu 1887.

Hadithi tamu, lakini mie naona haisimami.

Tuanze na Poitiers, 732, vita ambavyo Waarabu wanaviita Balat al-Shuhada, alipouawa Abd al-Rahman al-Ghafiqi. Tarikh ya Kilatini iliyoandikwa Andalusi mwaka 754 inawaeleza watu wa kaskazini kuwa walisimama pamoja kama ukuta, hawatikisiki. Hivyo sivyo wanavyopigana watu wa kushambulia kwa farasi! Miaka 50 baadaye, 782, kwenye milima ya Süntel, wapanda farasi wa Kifaranki waliwavamia Wasaksoni ovyo ovyo, kila mtu na kasi ya farasi wake, kama wanaofukuza watu waliokwisha kimbia. Wasaksoni walikuwa wamejipanga mbele ya kambi yao, wanawangoja. Waliuawa wajumbe wawili wa mfalme, makaunti wanne na wakubwa wengine kama ishirini. Na wachimbaji wa makaburi ya Wafaranki ya karne ya 8 wanasema vikuku walivyovikuta ni vichache mno.

Tena kikuku hakikuanzia huko. Kaburi la Feng Sufu huko Uchina, aliyefariki 415, lilikutwa na jozi nzima. Waavari wakakileta Ulaya ya mashariki mwishoni mwa karne ya 6. Na hapa ndugu zetu wa Omani wana haki ya kutabasamu: al-Mubarrad anaeleza kuwa vikuku vya Waarabu vilikuwa vya mti, vikivunjika upesi na kumwacha mpiganaji hana pa kukanyagia, mpaka al-Muhallab bin Abi Sufra, Mwazdi wa Omani, alipoamuru vifanywe vya chuma. Al-Muhallab kafariki 702, miaka 30 kabla ya Poitiers.

Sasa hebu niambieni, chuma ni kile kile, mbona hakikuzaa makabaila wa namna ile Basra? Kwa sababu askari wa Basra aliandikwa jina lake kwenye diwani akapokea ata, fedha taslimu. Mfalme wa Wafaranki hakuwa na hazina ya namna hiyo. Alichokuwa nacho ni ardhi.

Na vita vilikuwa ghali. Sheria ya Wafaranki wa Ripuaria, iliyoanza kuandikwa karne ya 7, inataja bei: deraya solidi 12, kofia ya chuma 6, upanga pamoja na ala yake 7, kinga za miguu 6, ngao na mkuki 2. Jumla 33. Maksai mzima, mwenye afya, ni solidi 2. Yaani mtu anavaa maksai 16 mwilini, na farasi bado hajamnunua. Mkulima gani ataweza?

Kwamba farasi walizidi kutakiwa, sikatai. Mwaka 758 Pippin, mwanawe Martel, aliwatoza Wasaksoni farasi 300 kwa mwaka, ilhali zamani walikuwa wakitozwa ng'ombe 500. Lakini farasi wa kumfikisha mtu vitani ni jambo moja, na farasi wa kuvunjia safu ya adui ni jambo jingine.

Tazameni amri za Charlemagne mwenyewe. Mwaka 805 anataka kila mwenye mansi 12 (mansi ni shamba la kutosha kaya moja) aje na deraya. Anayo na hakuja nayo, anapoteza deraya na ile ardhi aliyopewa. Mwaka 808 anashuka kwa wadogo. Mwenye mansi 4 aende vitani mwenyewe. Wenye mbili mbili waungane, mmoja aende na mwenzake amsaidie matayarisho. Wenye moja moja wakusanywe wanne, watatu wamgharamie mmoja. Kikuku hakitajwi, kinachohesabiwa ni mashamba. Na wale watatu wanaobaki nyumbani ni watu huru kama mwenzao, ila shamba moja halitoshi tena kumpeleka mtu vitani.