Joseph Hutchinson na jenetiki ya pamba

Joseph Burtt Hutchinson (1902–1988) alikuwa mwanajenetiki Mwingereza aliyechunguza pamba huko Trinidad, India na Uganda. Kitabu chake kikuu, *The Evolution of Gossypium*, alichoandika na R. A. Silow na S. G. Stephens, kilitoka mwaka 1947. Kilipanga upya jamii nzima ya mipamba kwa kuunganisha umbo la mmea, historia ya kilimo na kromosomu: mipamba ya kulimwa yenye asili ya Afrika na Asia ina 26, ile ya Amerika ina 52. Ni kazi nzito, na watafiti wengi wa baadaye walijenga hoja zao juu yake.

Kuanzia 1949 hadi 1957 aliongoza kituo cha utafiti wa pamba cha Namulonge, Uganda, kisha akawa profesa wa kilimo Cambridge. Shirika lililomiliki Namulonge, Empire Cotton Growing Corporation, lilikuwa pia na wataalamu Ukiriguru, karibu na Mwanza. Huko walichagua mipamba yenye majani ya vinyweleo vingi, ambavyo huwazuia wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Mbegu za Ukiriguru ndizo zilizoenea Usukumani, hadi mashamba ya Geita na Kahama.