Miti Mitatu ya Soko la Ujiji

Mwezi wa Novemba mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone mjini Ujiji, palikuwa na miti mitatu ya jamii ya michikichi sokoni, na mbele yake ufuo mpana wa mchanga ambao wawili hao walitembea asubuhi. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliikuta miti ile ile imesimama ndani ya ziwa, yapata futi 100 kutoka ufukoni. Je, maji yalipanda, ama ardhi ilishuka?

Swali hili halikuwa la kipuuzi. Mti wa ufukoni hupima tofauti baina ya nchi na maji tu. Hausemi ni kipi kilichosogea. Ziwa Tanganyika limelala katika bonde la ufa, na ardhi ya ufa haina utulivu. Mwenye kutaka kujua hana budi kupata alama iliyo nje ya ugomvi huo, ambayo kimo chake kutoka usawa wa bahari kinajulikana kwa hakika. Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora na kutoka Tabora hata Ujiji, haikuwa na alama kama hiyo hata moja.

Kilichokuwapo ni chungu cha maji ya moto na kipimajoto. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, wakakirimiwa na Snay bin Amir, kisha wakafika Ujiji Februari 1858. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yachemkavyo kwa joto pungufu, digrii moja ya sentigredi kwa kila mita 300 hivi. Pale Tabora, penye kimo cha mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye digrii 96. Lakini chombo kilichosafiri miezi mingi mabegani mwa wapagazi, juani na mvuani, si cha kuaminiwa kwa sehemu ya digrii. Ziwa Tanganyika likapewa futi 1,850, yaani mita 564, ilhali kimo chake cha kweli ni karibu na mita 773. Kosa la mita 200 na zaidi lilizaliwa na digrii isiyotimia moja.

Kosa hilo liliingia katika ugomvi wa chanzo cha mto Nile. Mwaka 1864 Baker alilifikia Ziwa Albert akalipa kimo cha futi 2,720. Kwa hesabu hizo maji ya Tanganyika yangetakiwa kupanda mlima ndipo yafike Albert. Burton, aliyekuwa amekwisha kukosana na Speke, akakitilia shaka kipimo cha mwenzake na kudai kwamba Tanganyika hulisha Albert. La kuchekesha ni kwamba Baker naye alikosea, kwa kadiri ile ile lakini kinyume chake, maana Albert iko kwenye mita 619 hivi. Burton alikuwa na haki juu ya vimo, wala hakuwa na haki juu ya mto. Jambo likaamuliwa bila kipimajoto, Novemba 1871, pale Livingstone na Stanley walipopelekwa kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini wakaona Rusizi ukiingia ziwani, si kutoka.

Jibu la miti mitatu lilitoka ng'ambo. Cameron, aliyepitia Tabora mwaka 1873, aliona Mei 1874 maji machache yakipenya katika majani ya mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley alikuta kinamasi. Desemba 1879 Thomson alikuta mto wenye nguvu. Mlango ulikuwa umezibwa na udongo na mimea, mvua ikajaza ziwa, kisha kizuizi kikavunjika, na kabla ya karne kwisha maji yakashuka yapata mita 10. Ardhi haikuhitajiwa katika kisa hiki.

Mahali pengine katika ufa ardhi husogea kweli, na hupimwa kwa rada ya setilaiti, ambayo hulinganisha mawimbi yaliyorudi kutoka pahala pamoja kwa nyakati mbili. Hivyo ilijulikana kwamba makaldera ya Suswa na Menengai, nchini Kenya, yalididimia sentimita 2 hadi 5 kati ya miaka 1997 na 2000; kwamba Longonot iliinuka sentimita 9 kati ya 2004 na 2006; na Paka sentimita 21 kati ya 2006 na 2007. Rada nayo hupima tofauti tu, kama mti wa Ujiji, na huhitaji mahali padhaniwapo kuwa patulivu. Miamba iliyo chini ya Tabora, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, ni ya namna hiyo: ufa umeizunguka mashariki na magharibi usiipasue. Msafiri wa Kazeh alikuwa amekalia alama aliyoikosa.

Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda tena, maji yakaingia mitaani Bujumbura na Kalemie, mji ulio jirani na mlango ule ule wa Lukuga.