Umenunua nyumba ya zamani London? Usiguse dirisha kwanza

Kila nikipita Brick Lane, mashariki mwa London, huwa nasimama kona ya Fournier Street kulitazama jengo moja la matofali. Juu ukutani kuna saa ya jua yenye mwaka 1743. Lilijengwa kama kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwaka 1898 likageuka sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Wenyewe wamebadilika, kuta ni zilezile, na leo hakuna wa kuzibomoa kirahisi maana sheria inazilinda.

Ulinzi wenyewe uko wa aina mbili, na wengi wetu tunauchanganya.

1. Jengo lililoorodheshwa. Madaraja ni matatu: I, II* na II. Msikiti huo uko II*. Jirani yake, kanisa la Christ Church alilolisanifu Nicholas Hawksmoor na kukamilika 1729, liko I. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyoorodheshwa England yako II, lakini usidhani II ni mchezo. Kibali kinahitajika kwa madaraja yote, nje na ndani, hata ukitaka kung'oa ngazi.

2. Eneo la hifadhi. Hapa kinacholindwa ni sura ya mtaa mzima, na anayetangaza ni halmashauri. Sheria yake ilipitishwa 1967, na mtaa huu ukatangazwa 1969. Kubomoa nyumba kunataka kibali, dishi huwezi kulifunga tu ukuta unaotazama barabara, na kabla ya kukata mti unaiarifu halmashauri wiki 6 mapema.

Karatasi peke yake lakini haitoshi. Mwaka 1977, Elder Street, jirani tu na hapo, nyumba za karne ya 18 zilishaanza kubomolewa. Wapenzi wa majengo wakaingia, wakalala humohumo mpaka kazi ikasimama.

Sasa ndugu zangu mnaonunua huku, hapa ndipo penye mtego. Kubadilisha jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai: faini isiyo na kikomo au kifungo hadi miaka 2. Na kama aliyekuuzia ndiye aliyetoa madirisha ya mbao akaweka ya plastiki, hushitakiwi wewe kwa kosa lake, ila halmashauri inaweza kukuamuru uyarudishe yalivyokuwa. Kwa pesa yako!

Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta anwani kwenye orodha ya Historic England, ni bure mtandaoni. Kisha iulize halmashauri kama ni eneo la hifadhi, na mwanasheria wako adai vibali vya kila kilichobadilishwa.

Aliyewahi kuomba kibali cha madirisha atumegee, ilikuwaje?