Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Somo letu la leo lahusu mtu aliyetoka katika biashara akaingia katika siasa. Jina lake ni Paul Bomani.

Bwana Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda. Si mbali na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Lakini Nyerere aliingia katika siasa kwa mlango wa shule. Bomani aliingia kwa mlango wa duka na ghala. Kwanza alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kisha alikwenda Mwanza, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Kwa nini mtu wa maduka ajali habari za pamba? Jibu ni rahisi. Mkulima asipopata fedha za pamba, mwenye duka naye hana wa kumwuzia.

Siku zile pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, ambao pia walikuwa na vinu vya kuichambua. Mkulima alipofika na mzigo wake, mwenye kununua ndiye aliyekuwa mwenye kupima. Mkulima akiibiwa ratili kadhaa, amshitakie nani? Basi, mnamo mwaka 1950 na iliyofuata, wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe katika vituo vya kununulia, ili kila mzigo upimwe mara ya pili. Bomani alizunguka akiviunganisha vikundi vya wakulima. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kujifunza mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama viliungana kuwa Shirikisho la Victoria, naye akawa meneja mkuu. Kabla ya uhuru, Shirikisho hilo lilikwisha kuwa mnunuzi wa pamba ya jimbo zima.

Tazameni sasa jinsi biashara ilivyozaa siasa. TANU iliundwa mwaka 1954, lakini serikali ya kikoloni ilikizuia chama hicho Usukuma mpaka mwaka 1958. Katika miaka hiyo, mikutano ya ushirika ndiyo iliyowazoeza watu kuchagua viongozi na kuwadai hesabu. Bomani aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha.

Lakini mwaka 1965 ulikuja uchaguzi. Katika majimbo mengi TANU ilisimamisha watu wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Huko Mwanza, Waziri wa Fedha alishindwa! Waziri wa Fedha ndiye mtoza kodi, na wakulima walikuwa wakinung'unikia makato ya ushirika. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika, ikakuta kwamba wanachama wengi hawakuelimishwa vya kutosha kuhusu chama chao wenyewe. Mizani ilikuwa imetoka mikononi mwa mfanyabiashara, lakini mkulima alikuwa bado hajaweza kuisoma vizuri.

Nyerere alimrudisha Bomani serikalini. Baadaye alikuwa balozi huko Marekani, na alifariki mwaka 2005. Lakini kura zile za mwaka 1965 hazikuwa utovu wa shukrani. Watu waliofundishwa kupima pamba mara ya pili walimpima na kiongozi wao vivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika chama chenu, nani hupima mazao, na nani humkagua?
2. Je, kila mwanachama anajua anakatwa kiasi gani, na kwa kazi gani?
3. Kiongozi aliyewatendea watu mema zamani, apimweje leo?

Kwa herini mpaka somo lijalo.