Wiki, Meza na Makambi: Ndoa Mbili za Ugenini na Uandishi wa Desturi katika Nyanza Kusini

Utangulizi

Habari za wageni waliokuja kuishi Afrika Mashariki zimezoeleka kusomwa kwa namna mbili. Wako wahakiki wanaozichukua kuwa ushahidi wa historia, na wako wanaozichukua kuwa ushahidi wa dharau ya mkoloni. Kila kundi lina haki yake. Hata hivyo, makundi yote mawili yanakubaliana bila kusema juu ya jambo moja: kwamba mgeni ndiye mwandishi na mwenyeji ndiye mwandikwa. Makala haya yanakusudia kulihoji kubaliano hilo kwa kuangalia eneo la Nyanza Kusini, yaani kaunti za Homa Bay na Migori za leo. Tunadai kwamba mgeni aliandika zaidi katika wiki, meza na sherehe za mwenyeji kuliko alivyoandika katika karatasi. Na kwamba mwenyeji alipoishika kalamu, kitabu chake kilikuwa jibu, wala si kumbukumbu tu.

Gendia

Mwishoni mwa mwaka 1906 watu wawili waliwasili Gendia, karibu na Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo. Mmoja alikuwa Arthur Carscallen, Mkanada. Wa pili alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wote wawili walitumwa na kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi Marekani mwaka 1863. Mwaka uliofuata Carscallen alifunga ndoa na Helen Thomson, na Gendia ikawa nyumba ya mke na mume. Kutoka hapo kazi yao ilienea hadi Karungu na Kamagambo, ambazo leo ziko Migori. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Carscallen alitunga sarufi ya Dholuo, na mwaka 1913 misheni ilipata mtambo mdogo wa kuchapia.

Yafaa tuangalie jinsi majina haya yanavyosimuliwa. Carscallen ndiye mhusika mkuu wa kila simulizi. Nyambo hutajwa pale pwani ya ziwa, kisha hutoweka, ingawa ndiye aliyepeleka London mwaka 1914 ombi la Waafrika wa Rhodesia na Nyasaland dhidi ya utawala waliotendewa. Helen hutajwa siku ya ndoa. Mkalimani, mpishi na mwanamke jirani aliyemfundisha mgeni jina la kila kitu jikoni hawatajwi kabisa. Lakini hakuna sarufi inayotungwa na mtu mmoja. Kila mfano wa sentensi uliomo katika sarufi ya lugha ya kigeni ni jibu la mtu fulani aliyeulizwa swali fulani, na mara nyingi swali hilo liliulizwa penye shughuli za kila siku: kuchota maji, kuwasha moto, kupokea mgeni. Sarufi ni mazungumzo ambayo upande mmoja wake umefutwa.

Wiki na meza

Mahali pa kwanza ambapo maandishi ya wageni yanasomeka ni katika majina ya siku. Dholuo huhesabu siku kwa kazi. Jumatatu ni Wuok Tich, kutoka kwenda kazini. Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili. Na hesabu inaendelea hadi Tich Abich, kazi ya tano, ambayo ni Ijumaa. Hii ni wiki ya mishahara na misheni: siku tano zimekabidhiwa kazi. Kiswahili nacho huhesabu kutoka siku ya sala ya Waislamu, na ndiyo maana siku inayofuata Ijumaa huitwa Jumamosi. Basi Msabato wa Homa Bay anayezungumza lugha zote mbili huabudu siku ya saba kwa mujibu wa imani yake, siku ya mosi kwa mujibu wa Kiswahili, na siku inayofuata kazi ya tano kwa mujibu wa Dholuo. Dini mbili na uchumi mmoja vimekutana katika asubuhi moja, na hakuna anayeona ajabu.

Mahali pa pili ni mezani. Mafundisho ya Waadventista yalikataza pombe na tumbaku, na yalifuata sheria ya Mambo ya Walawi inayoruhusu samaki wenye mapezi na magamba tu. Katika nchi ya bara sheria hiyo ingekuwa habari ya kitabuni. Kandokando ya ziwa iliigawa mitego ya mvuvi: ngege aliruhusiwa, mumi, yaani kambare, akakataliwa. Tangu hapo sahani ya mgeni ilikuwa tamko la imani. Mwenyeji aliyempikia shemeji yake alilazimika kuuliza kwanza, na kuuliza huko kulikuwa jambo geni katika utamaduni ambamo mgeni hula anachopewa. Pombe ilikuwa na uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ilihusika katika posa, katika kazi ya ujima na katika msiba. Aliyeiacha hakuacha kinywaji tu. Alijiondoa katika mikutano ambamo mambo ya ukoo yaliamuliwa.

Haishangazi kwamba wapo walioukataa mpango huo wote. Mwaka uleule wa 1913 mtambo wa kuchapia ulipofika Gendia, Onyango Dunde wa Alego alitangaza ujumbe wa Mumbo, roho wa ziwa, na ujumbe huo ukaenea hadi Nyanza Kusini na Gusii. Uliikataa dini ya Wazungu na kuahidi kwamba Wazungu wataondoka. Mtambo ulikuwa na karatasi. Mumbo alikuwa na midomo ya watu. Habari zake zimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia kalamu za waliompinga. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuukumbuka ukweli huo kila anapozisoma.

Makambi

Mahali pa tatu ni katika sherehe. Waadventista hawakuleta sikukuu nyingi. Hata Krismasi hawaihesabu kuwa siku takatifu. Walileta makambi. Asili ya mikutano hiyo ni Marekani, ambako wakulima walikusanyika uwanjani kwa siku kadhaa kusikiliza mahubiri. Waadventista walifanya mkutano wao wa kwanza mkubwa wa aina hiyo Wright, Michigan, mwaka 1868. Leo makambi ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, ni miongoni mwa sherehe kubwa za Homa Bay na Migori. Watu husafiri na magodoro na sufuria, hupika pamoja, kwaya hushindana bila kukiri kwamba zinashindana, na vijana huchumbiana chini ya macho ya wazee.

Kwa maoni yetu, sababu ya makambi kukubalika haimo katika mahubiri peke yake. Misheni ilikuwa imewazuia waumini kuhudhuria mikesha ya ngoma, nyatiti na pombe. Makambi yaliwarudishia mkesha, safari, wimbo na chakula cha wengi, kwa jina jingine. Sherehe ya mkulima wa Michigan ilijazwa maudhui ya Karachuonyo na Kamagambo. Hapa fani ni ya mgeni na maudhui ni ya mwenyeji. Na mhakiki anayetafuta athari ya Marekani peke yake ataisoma nusu ya matini.

Ndoa ya pili

Ili kuipima ndoa ya Gendia, tuiweke kando ya ndoa nyingine ya wakati huohuo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye jina lake limo katika kila mtalaa wa nathari ya Kiswahili kwa sababu ya Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 walisafiri kurudi Afrika Mashariki, lakini wakuu wa koloni la Kijerumani hawakukubali ndoa hiyo ikae huko. Walirejea Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Miaka miwili tu inazitenganisha safari hizi. Mke na mume wa Gendia waliruhusiwa kuishi katika nchi isiyo yao na kueleza maisha yake kwa wasomaji wa mbali. Mtu aliyeandika desturi za Waswahili alizuiwa kuishi nazo pamoja na mkewe. Basi swali la nani anaandika maisha ya kila siku haliwezi kutengwa na swali la nani anaruhusiwa kuyaishi.

Jibu la Paul Mboya

Mwaka 1938 Paul Mboya alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha Dholuo kuhusu mila na mienendo ya Waluo. Mboya alikuwa zao la misheni: mchungaji wa Kiadventista, na tangu 1935 chifu wa Karachuonyo. Angetazamiwa kuyaandika yale aliyofundishwa kuyaacha kana kwamba yamekufa. Badala yake aliyaandika kwa lugha ya wenyewe, akiwahutubia wenyewe, kama mambo yanayostahili kujulikana na kufuatwa. Mtoro aliandikia chuo cha Wajerumani. Mboya aliandikia dala, boma la Mluo. Tofauti hiyo ya hadhira ndiyo inayofanya kitabu chake kiwe jibu. Alitumia maandishi, zawadi ya wageni, kuyatetea mambo ambayo wageni hao waliyatilia shaka.

Lakini jibu nalo lina gharama. Desturi inayosimuliwa hubadilika na msimulizi. Ikichapishwa huanza kufanana na sheria. Katika kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, iliyokwisha Mei 1987 kwa Mahakama ya Rufani kuupa ukoo haki ya kumzika Nyalgunga badala ya mjane wake, Wambui Otieno, desturi za Waluo zilihojiwa kama kifungu cha sheria: ni ipi, inasemaje, nani anaijua. Swali la nani anaandika desturi lilikuwa limekuwa swali la nani anaumiliki mwili wa marehemu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maisha ya kila siku na sherehe za Nyanza Kusini ni matini yenye waandishi wengi, na kwamba wengi wao hawana majina kwenye jalada. Jukumu la idara zetu ni kuzifundisha Desturi za Wasuaheli na Luo Kitgi gi Timbegi pamoja, kama utanzu mmoja wa Afrika Mashariki, na kuyakusanya masimulizi ya makambi na ya jikoni kabla wasimulizi hawajatutoka. Bila hivyo tutaendelea kujua siku ambayo Helen Thomson aliolewa, na kutojua ni nani aliyemfundisha kusema habari za asubuhi.