Kaburi Lisilo na Jina

Leo tusome habari za Meredith Hunter, kijana mweusi wa Marekani, mwenye umri wa miaka 18. Tarehe 6 Desemba 1969, kwenye ngoma kubwa ya muziki huko Altamont, California, alitoa bastola, akachomwa kisu, akafa. Mwaka 1971 mahakama ilimwachilia aliyemchoma. Sinema ilionyesha alivyokufa. Alivyoishi ni wachache waliouliza. Kaburi lake halikuwa na jina. Mwaka 2006 mpiga sinema Sam Green alilionyesha kaburi hilo. Watu wakachanga fedha, na mwaka 2008 likawekwa jiwe lenye jina lake. Basi, ninyi mliokwisha kujua kuandika, waulizeni wazee wenu majina ya marehemu, myaandike kabla hayajapotea.