Kutoka Ghala la Mkonge hadi Nyumba: Kugeuza Majengo ya Viwanda wilayani Korogwe

Kugeuza jengo la kiwanda kuwa makazi ni kulitwaa jengo lililosimamishwa kwa ajili ya mashine na mizigo, kuliachia mifupa yake, kisha kulipanga upya ili watu waishi ndani. Katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, kuanzia Hale na Ngombezi hadi bonde la Lwengera na kata ya Kerenge, habari ya majengo ya namna hii huanzia kwenye mkonge.

Asili ya majengo

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na kufikia 1902 garimoshi lilikuwa Korogwe. Mashamba yakaifuata reli.

Kila shamba kubwa lilihitaji kiwanda chake. Katika kilo 100 za majani mabichi, nyuzi hazizidi sana kilo 4. Zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halingoji: likikaa siku chache hukauka, na kulichakata huwa kazi ngumu. Kwa hiyo kiwanda kilijengwa katikati ya shamba, karibu na mto, pamoja na injini, karakana, nyumba ya meneja na kambi za manamba, yaani vibarua walioandikishwa kwa namba.

Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi nzima ulifikia takriban tani 230,000. Baadaye nyuzi za plastiki ziliteka soko la kamba, bei ikaanguka, na usimamizi uliofuata utaifishaji wa 1967 haukuweza kuurudisha mkonge ulipokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Kambi nyingi ziligeuka makazi ya kudumu pasipo mchoro wala mhandisi: watu walizaliwa humo, wakakulia humo. Majengo ya kazi ndiyo yaliyobaki matupu.

Aina za majengo

*Korona* ni banda la mashine ya kuchakata majani. Ni refu, kuta zake ni chache, na sakafu imechimbwa mifereji mipana ya kupitisha maji na makapi. Maji ya mkonge yana tindikali. Kwa miaka hula zege na kuozesha miguu ya nguzo za chuma.

*Nyumba ya brashi* ndimo nyuzi zilizokauka zilimosuguliwa na kulainishwa. Ina nafasi na hewa, lakini vumbi la katani hujificha juu ya kenchi na ndani ya nyufa, na hushika moto upesi.

*Ghala* lilihifadhi marobota. Robota moja la kawaida lina uzito wa kilo 250, hivyo manne ni tani moja, nayo yalipangwa yakapandana. Sakafu yake ni nene, kuta ni imara, na mara nyingi limeinuliwa kutoka chini ili kurahisisha upakiaji. Kasoro yake ni giza na joto, kwa kuwa robota halihitaji dirisha.

*Nyumba ya injini na karakana* ni ndogo na imara, ila udongo na sakafu yake huwa vimekunywa mafuta na grisi kwa miongo.

Kati ya hayo, ghala ndilo jepesi kuligeuza. Korona ndiyo ngumu kuliko zote.

Ukaguzi

Kazi huanza kabla ya fundi mwashi kushika mwiko. Mhandisi hupima msingi, nguzo na kenchi. Chuma kilichovimba kwa kutu ndani ya zege hupasua nguzo kutoka ndani, na plasta mpya huificha hatari hiyo bila kuiondoa. Mchwa hutafutwa kwenye boriti na fremu. Paa la vigae vya kijivu vya saruji vyenye mawimbi lishukiwe kuwa na asbesto mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo. Vumbi lake likivutwa huleta saratani, kwa hiyo vigae hivyo havivunjwi kwa nyundo, havikatwi kwa msumeno, wala havitupwi shimoni kama kifusi. Kuviondoa ni kazi ya watu wenye ujuzi na vifaa.

Ugeuzaji

Kiwanda hakikuhitaji mambo matatu ambayo nyumba haiwezi kuyakosa: mwanga wa kusomea, ubaridi wa kulalia na faragha. Gharama nyingi huenda huko.

Kuhusu mwanga, kutoboa madirisha kwenye kuta za nje hakutoshi jengo likiwa pana, maana chumba cha katikati hubaki pango. Vienna, nchini Austria, matangi manne ya gesi yaliyojengwa kati ya 1896 na 1899 yalifunguliwa tena mwaka 2001 yakiwa na mamia ya nyumba, na katika baadhi yake makazi yamepangwa kuzunguka uwazi wa katikati. Korogwe dawa hiyo haihitaji kuagizwa kutoka mbali: ni ua wa ndani, kama ule wa nyumba nyingi za pwani. Sehemu ya paa huondolewa, mifereji ya maji ya mvua huwekwa, na vyumba huelekezwa uani.

Kuhusu joto, bati tupu hugeuza ghala kuwa tanuri. Dari huwekwa chini ya kenchi, na nafasi ya kati huachiwa matundu ili hewa moto itoke juu. Matundu hayo huzibwa kwa wavu kuzuia popo. Ukuta wa magharibi hupewa baraza au miti, kwa sababu jua la alasiri huupiga moja kwa moja.

Kuhusu faragha, kuta mpya za ndani zijengwe kwa vifaa vyepesi, au zipewe msingi wake, zisitegemee nguzo za zamani. Vyoo na jiko hukusanywa upande mmoja ili mabomba yawe mafupi. Mfereji wa zamani wa kiwanda usitumike kwa maji taka, kwani mingi ya aina hiyo huishia mtoni.

Mbunifu Ricardo Bofill, aliyeanza mwaka 1973 kugeuza kiwanda cha saruji karibu na Barcelona kuwa nyumba na ofisi yake, alikuta maghala ya mnara zaidi ya 30 akabakiza 8. Kugeuza huanza kwa kuchagua cha kuondoa.

Ardhi na vibali

Gofu likionekana halina mwenyewe, lina mwenyewe. Jengo hufuata ardhi, na ardhi ya mashamba makubwa kwa kawaida ina hati yenye muda na masharti ya matumizi. Mnunuzi huchunguza kama eneo liko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 au Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Katika ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wana sauti. Kuhama kutoka kilimo au kiwanda kwenda makazi ni kubadili matumizi, na idhini ya mamlaka ya mipango hutangulia kibali cha ujenzi.

Mipaka

Afrika Mashariki mifano inayojulikana zaidi si ya makazi. Slipway ya Msasani, Dar es Salaam, ilikuwa karakana ya mashua kabla ya kuwa maduka na hoteli. GoDown ya Nairobi ilikuwa bohari kabla ya kuwa kituo cha sanaa mwaka 2003. Mifano yote miwili ni ya mjini, karibu na wateja. Shambani, kuligeuza jengo kubwa kunaweza kugharimu zaidi ya kujenga nyumba mpya yenye nafasi ileile ya kuishi, hasa paa likiwa limekwisha.

Upo pia mpaka wa wilaya yenyewe. Mkonge unapandwa upya, na wakulima wadogo wa Korogwe wamejiunga katika vyama vya ushirika vya msingi kama vile vya Hale, Magoma na Mwelya. Wanachohitaji ni mashine karibu na shamba, kwa sababu ileile iliyowafanya Wajerumani wajenge korona porini: jani halingoji. Ghala lililobaki bila marobota laweza kupokea familia. Korona ambayo bado inafufulika ina mwenyeji mwingine anayeisubiri nje, na mzigo wake ukiwa mgongoni.